Tahakiki za vitabu vya anthropolojia zilivyohamia mtandaoni

MNAMO mwaka wa 1972, mwanaanthropolojia Colin Turnbull alichapisha kitabu kiitwacho The Mountain People kuhusu Waik, jamii ndogo inayoishi milimani katika eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Turnbull, Mwingereza aliyekuwa amehamia Marekani, aliishi miongoni mwao katikati ya miaka ya 1960, wakati wa ukame na njaa kali. Aliyoyaandika yaliwashtua wasomaji wa ng'ambo: kwamba Waik walikuwa wamepoteza huruma kabisa, wazazi wakiwaacha watoto wajitafutie wangali wadogo, na vijana wakiwapokonya wazee chakula kinywani. Kitabu hicho kilisomwa kote duniani. Mwaka wa 1975, mwelekezi mashuhuri Peter Brook alikifanya kuwa mchezo wa jukwaani.

Turnbull hakukomea kwenye masimulizi. Alipendekeza Waik watawanywe katika vikundi vidogo vidogo, mbali na milima yao, bila kuzingatia nani ni ndugu ya nani. Kwa ufupi, alitaka jamii hiyo ivunjwe.

Jibu kali lilitoka mwaka wa 1974. Fredrik Barth, mwanaanthropolojia wa Norway, alichapisha katika jarida la Current Anthropology makala ya kumtaka mwenzake awajibike kwa aliyoyaandika. Alimshutumu kwa kuwadhuru watu waliompokea na kwa kuivunjia heshima taaluma nzima. Turnbull alijibu katika jarida lilo hilo. Kisha mwaka wa 1985, mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine, aliyewatembelea Waik na kuichunguza lugha yao, alieleza katika jarida la Africa la jijini London kwamba aliyoyakuta huko yalihitilafiana mno na ya Turnbull. Miongoni mwa mengine, alionyesha kuwa baadhi ya waliompa Turnbull habari hawakuwa Waik hata kidogo.

Kati ya kitabu na marekebisho ya Heine ilipita miaka 13. Majarida hayo mawili yalikaa katika rafu za vyuo vikuu vilivyomudu ada zake. Waik, ambao ndio waliokuwa wakihukumiwa, hawakuwa na njia ya kuyasoma mashtaka wala utetezi.

Kisa hiki chaeleza vyema kuliko vingine kwa nini jambo linaloonekana kuwa la wasomi peke yao, yaani kuzitoa tahakiki za vitabu vya anthropolojia kwenye intaneti, lina uzito kwa watu wasiokanyaga chuo kikuu maishani mwao.

Tahakiki huandikwaje?

Tahakiki ya kitaaluma si sawa na maoni ya msomaji aliyependezwa au kukerwa na kitabu. Kila jarida lina mhariri wa tahakiki. Huyu hupokea nakala kutoka kwa wachapishaji, kisha humtafuta msomi anayelijua eneo au mada inayohusika na kumpelekea kitabu. Mhakiki hapewi senti. Ujira wake ni kile kitabu chenyewe. Hutakiwa kuandika maneno mia nane au elfu moja hivi, akieleza mwandishi anadai nini, ushahidi wake umetoka wapi, na iwapo unayabeba madai hayo. Kazi hiyo haimwongezei mhadhiri alama nyingi anapotafuta kupandishwa cheo, na ndiyo maana wahariri huhangaika kuwapata watu.

Katika taaluma nyingine tahakiki ni msaada kwa msomaji. Katika anthropolojia ni zaidi ya hapo. Mkemia akidai kwamba dawa fulani hugeuka rangi ikichanganywa na nyingine, mwenzake anaweza kulirudia jaribio hilo kesho. Mwanaanthropolojia huenda peke yake kijijini, akakaa mwaka mmoja au miwili, akajifunza lugha inayojulikana na wasomi wachache, akarudi na madaftari yake. Hakuna anayeweza kuurudia mwaka ule. Njaa ile imepita, wazee wale wamezikwa. Msomaji aliye mbali hana budi kumtegemea mtu wa pili aliyewahi kufika mahali pale aseme iwapo mambo yako hivyo.

Watu wa pili wa aina hiyo, hata hivyo, ni haba. Wanaoandika juu ya jamii moja ya wafugaji huwa wachache, wanajuana, wamefundishana au wamekosana. Mhariri anayetafuta mhakiki asiye rafiki wala hasimu wa mwandishi ni kama anayetafuta mwamuzi katika kijiji ambamo kila mtu ni shemeji ya mwenzake.

Desturi hii ni ya zamani. American Anthropologist lilianza kutoka mwaka wa 1888, Man la Uingereza mwaka wa 1901, na Africa mwaka wa 1928. Mwaka wa 1959, Sol Tax wa Chuo Kikuu cha Chicago alianzisha Current Anthropology akiwa na fikra iliyokuwa mpya wakati huo: makala ipelekwe kwa wasomi wa nchi mbalimbali kabla ya kuchapishwa, maoni yao yapigwe chapa pamoja nayo, na mwandishi ajibu papo hapo. Mjadala mpana uliendeshwa kwa stempu za posta, na ungali mfano mzuri wa kile ambacho mitandao iliahidi baadaye.

Udhaifu wa mfumo wa karatasi ulikuwa wakati na nafasi. Kurasa zilikuwa na gharama, vitabu vilikuwa vingi, na tahakiki ilingoja zamu yake. Lilikuwa jambo la kawaida kitabu kusubiri miaka miwili au mitatu kabla ya kuhakikiwa. Vingine havikuhakikiwa kamwe, hasa vile vilivyochapishwa Afrika, kwa vile nakala zake hazikufika mezani pa wahariri wa Ulaya na Marekani.

Kuingia kwa intaneti

Waliotangulia kuitumia njia mpya hawakuwa wanaanthropolojia. Walikuwa wasomi wa Kigiriki na Kilatini wa kale, waliolianzisha jarida la Bryn Mawr Classical Review nchini Marekani mwaka wa 1990, wakati ambapo wavuti kama unavyojulikana leo haukuwa umefunguliwa kwa umma. Tahakiki zilipelekwa kwa barua pepe, tena bure. Punde wasomi wa historia na taaluma jirani wakawafuata kupitia H-Net, shirika lililozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupata makao katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Tahakiki za H-Net kuhusu vitabu vya Afrika, vikiwemo vya anthropolojia, zilikuwa ndefu kuliko zile za majarida ya karatasi kwa sababu hapakuwa na ukurasa wa kujaa.

Kwa anthropolojia yenyewe, kazi iliyojipambanua ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Buffalo, jimbo la New York. Huko iliwekwa hifadhi ya tahakiki iliyoitwa Anthropology Review Database. Haikuwa na matoleo ya kila mwezi wala ya kila robo mwaka. Tahakiki ilitolewa ilipokuwa tayari. Msomaji aliweza kutafuta kwa jina la mwandishi au kwa mada, na mbali na vitabu palikuwa na tahakiki za filamu na maonyesho ya makavazi. Yote hayo yalisomwa bila malipo.

Mwaka wa 1997, Kituo cha Taaluma za Afrika cha Chuo Kikuu cha Florida kilizindua African Studies Quarterly, jarida lisilo na toleo la karatasi, nalo likatenga sehemu kubwa kwa tahakiki za vitabu. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa African Journals Online, ambao sasa una makao yake nchini Afrika Kusini. Nia yake ilikuwa kinyume cha mingine: badala ya kuwaletea Waafrika majarida ya ng'ambo, iliyafanya majarida yanayochapishwa Afrika yaonekane na walimwengu.

Hukumu kabla ya kitabu

Wepesi huo ulizaa matatizo yake. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2000, maprofesa wawili, Terence Turner na Leslie Sponsel, waliwaandikia viongozi wa Chama cha Wanaanthropolojia wa Marekani kuwatahadharisha juu ya kitabu kilichokuwa karibu kutoka, Darkness in El Dorado cha mwanahabari Patrick Tierney. Kitabu hicho kilitoa madai mazito dhidi ya mwanaanthropolojia Napoleon Chagnon na mtaalamu wa jenetiki James Neel kuhusu kazi yao miongoni mwa Wayanomami, wenyeji wa misitu ya Venezuela na Brazil. Zito kuliko yote lilihusu chanjo ya surua iliyotolewa mwaka wa 1968, wakati ambapo watu wengi walikufa kwa ugonjwa huo.

Barua hiyo ya faragha ilivuja. Kwa siku chache ilikuwa imezunguka dunia kupitia barua pepe, na magazeti makubwa yakaidaka. Kitabu kilihukumiwa na maelfu ya watu ambao hawakuwa wamekiona, kwani hakikuwa kimetoka. Wataalamu wa chanjo waliweka majibu yao kwenye tovuti za vyuo na taasisi, wakieleza kwamba chanjo ile haingeweza kueneza surua. Tierney alirekebisha baadhi ya sehemu kabla kitabu hakijafika madukani mwishoni mwa mwaka huo. Neel hakuwapo kujitetea. Alikuwa amefariki mwezi wa Februari.

Chama kiliunda jopo la uchunguzi mwaka wa 2001, na ripoti ikatolewa mwaka wa 2002. Mwaka wa 2005 wanachama wakapiga kura kuondoa idhini ambayo chama kilikuwa kimeipa ripoti hiyo. Chagnon alifariki mwaka wa 2019, ubishi ukiwa haujaisha.

Tofauti ya kisa hiki na kile cha Waik i wazi. Turnbull alijibiwa kwa kuchelewa, na wengi hawakulisikia jibu. Tierney na aliowatuhumu walijibiwa kwa pupa, na kila mtu alisikia. Kilichokosekana mwaka wa 2000 si teknolojia bali mhariri: mtu wa kumwambia mhakiki asubiri, akisome kitabu kizima, ataje ukurasa, na atenganishe anachokijua na anachokishuku. Bryn Mawr na H-Net hazikuuondoa ulazima huo. Ziliondoa gharama ya karatasi na foleni ya mpiga chapa, lakini mhariri alibaki kitini pake. Hiyo ndiyo sababu tahakiki zao hutajwa katika tasnifu sambamba na za majarida ya karatasi, ilhali maelfu ya maoni ya siku zile za El Dorado yamesahaulika.

Hali ya Afrika Mashariki

Katika kanda hii, kilio dhidi ya vitabu vya wageni ni cha kale kuliko tarakilishi. Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya mwaka wa 1938 baada ya kusomea anthropolojia mjini London chini ya Bronislaw Malinowski, ambaye aliandika utangulizi wake. Humo Kenyatta aliisimulia jamii yake mwenyewe badala ya kuwaachia wengine. Okot p'Bitek naye alisomea taaluma iyo hiyo Oxford, akalalamikia lugha ya dharau iliyotumiwa darasani dhidi ya Waafrika. Mwaka wa 1970 alitoa African Religions in Western Scholarship, kitabu ambacho kwa kweli ni tahakiki ndefu ya yale ambayo wanazuoni wa Magharibi walikuwa wameandika kuhusu dini za Kiafrika. Alilazimika kuandika kitabu kizima ili kutoa jibu ambalo leo lingetoshea katika tahakiki chache.

Katika miaka ya 1980 na 1990, bajeti za vyuo vikuu zilipobanwa na masharti ya wafadhili, maktaba nyingi za Afrika ziliacha kununua majarida ya kigeni yaliyolipiwa kwa dola au pauni. Kuna rafu ambapo mfululizo wa jarida hukatika ghafla. Mwanafunzi aliyetaka kujua kitabu fulani kimesemwa nini alilazimika kumwomba mwalimu aliyesafiri ng'ambo amletee nakala.

Tahakiki za bure zilikuja wakati mwafaka, ila barabara ya kuzifikia ilikuwa mbovu. Kenya ilitegemea setilaiti, na kufungua ukurasa mmoja kulihitaji subira. Mtandao wa elimu wa KENET, ulioanzishwa mwaka wa 1999 kuviunganisha vyuo, ulipata nguvu hasa baada ya mikonga ya baharini ya TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009. Hapo ndipo mhadhiri wa Maseno au wa Moi alipoanza kusoma tahakiki siku ile ile aliyoisoma mwenzake wa Michigan.

La muhimu zaidi ni kwamba aliweza pia kuiandika. Mhariri wa ng'ambo aliyekuwa akisita kutuma kitabu Nairobi kwa sababu ya posta na ushuru, sasa hutuma nakala ya kielektroniki. Kwa hivyo kisingizio cha umbali kimekwisha. Iwapo vitabu kuhusu Waturkana, Wapokoti au Wamijikenda vingali vikihakikiwa aghalabu na wasomi wa Ulaya na Marekani, lawama haiwezi tena kutupiwa meli na ndege.

Suala la lugha lingalipo. Tahakiki nyingi ni za Kiingereza, na wanaosimuliwa vitabuni wengi hawakitumii. Kwa Kiswahili, jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka wa 1994 huko Köln, Ujerumani, na ambalo sasa husomwa bure kwenye intaneti, limekuwa likipokea makala zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Ni mlango mmoja katika nyumba kubwa.

Kudumu kwa maandishi

Karatasi ina sifa moja ambayo intaneti haijaifikia: huweza kusahauliwa ghalani miaka 50 na bado ikasomeka. Tahakiki ya mtandaoni huishi maadamu kuna anayeilipia seva na kuitunza. Mwanzilishi akistaafu au chuo kikibadilisha mitambo, anwani iliyotajwa katika tasnifu humpeleka msomaji mahali pasipo na kitu. Tovuti kadhaa za tahakiki zilizoanzishwa kwa hamasa miaka ya 1990 zilidhoofika hivyo, kwani nyingi zilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja au wawili waliojitolea.

Hatua zimechukuliwa. Tangu mwaka wa 2000, wachapishaji walioungana katika shirika la Crossref huipa kila makala nambari yake ya kudumu, ili hata ukurasa ukihamishwa nambari imfikishe msomaji. Internet Archive ya San Francisco, iliyoanza kuhifadhi kurasa za wavuti mwaka wa 1996, imeokoa mengi ambayo wenyewe waliyaacha yapotee. Bado hifadhi hiyo haikusanyi kila kitu, na nambari ya kudumu haina faida iwapo hakuna nakala inayohifadhiwa.

Tatizo la pili ni malipo. Majarida makongwe nayo yaliingia mtandaoni, na mashirika kama JSTOR yakageuza matoleo yao ya kale kuwa ya kielektroniki. Msomaji aliye chuoni hufunguliwa, na vyuo vingi vya Afrika vimepewa masharti nafuu. Asiye na chuo huambiwa ajisajili au alipe. Majarida mengine yamekataa mtindo huo. Cultural Anthropology, mathalani, lilifungua kurasa zake kwa wote mwaka wa 2014. Hapa pana kinaya kidogo: tahakiki iliyoandikwa bure, juu ya kitabu kilichotolewa bure kwa mhakiki, na kuhaririwa na mhadhiri anayelipwa na chuo chake, huishia kuuzwa.

Waik hawakutawanyika. Walibaki katika milima yao, na kutokana na uchaguzi wa mwaka wa 2016 walimpeleka bungeni Kampala mbunge wao wa kwanza. Mwaka wa 2017, kamusi ya lugha yao pamoja na muhtasari wa sarufi, kazi ya Terrill Schrock, ilichapishwa na Language Science Press na kuwekwa mtandaoni bila malipo. Mwaka wa 2020, mtafiti Cathryn Townsend na wenzake walitoa katika jarida la Evolutionary Human Sciences matokeo ya uchunguzi waliofanya miongoni mwa Waik kuhusu ukarimu. Waligundua kwamba Waik hawapungukiwi na ukarimu wakilinganishwa na jamii nyingine za dunia, na wakahusisha tabia alizoziona Turnbull na njaa ya wakati ule, si utamaduni wao. Makala hiyo husomwa bure na yeyote mwenye simu.

Ile ya Barth ya mwaka wa 1974, iliyowatetea, ingali katika hifadhi ya jarida, ambamo msomaji asiye na chuo hutakiwa kujisajili au kulipa. The Mountain People nacho kingali kinauzwa.